Nyumba za Kupitia

Wifi yangu wanamwita Mama Hodi, na wanaomwita hivyo hawamtukani. Jina limetokana na kazi yake. Kwa miaka mingi amekuwa mhudumu wa jamii upande wa afya ya akili. Yeye ndiye anayetoka zahanati kwenda majumbani kuwaona wale ambao wengine huwapita kwa mbali: anayeongea peke yake, aliyejifungua akawa hataki kumshika mtoto, anayelala mchana na usiku na bado anaamka amechoka. Jua liwake, mvua inyeshe, anakwenda, na akifika mlangoni anaita hodi kwa sauti ambayo hata kuku wa mtaa wanaijua.

Mimi nimeolewa na kaka yake mkubwa, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Wifi kwa wifi hatubembelezani. Basi nitasema: sijaona mwanamke anayejua kuwasikiliza watu kama huyu, na sijaona aliyeadhibiwa na kazi yake mwenyewe kama huyu. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa kwao, aliyempenda kuliko alivyojua kusema. Mdogo wake huyo yu hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na wifi yangu amempoteza. Hilo ndilo ninalotaka kulisimulia.

Kitindamimba mwenyewe ni seremala. Watu wanamwita Msumari kwa sababu ni mwembamba na kichwa chake ni kikubwa, na jina hilo analipenda. Hakuoa. Tukimuuliza alisema mbao zinamnunia vya kutosha. Mimi ni shemeji yake, na tangu nilipoletwa nyumba ile kama bibi harusi hajawahi kunisalimu salamu ya heshima. Akinikuta nafua anauliza kama kaka yake nimeshamvua shati au nampiga akiwa bado ndani. Lakini aliyemwonea zaidi ni dada yake. Alikuwa anampima kwa macho, juu mpaka chini, halafu anatikisa kichwa. "Dada, wewe usife kwanza. Mbao za upana huo msitu wetu haujaotesha." Mama Hodi anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anamrushia chochote kilicho karibu na mkono.

Balaa lilianzia kwenye mkoba. Ofisi ya wilaya iliwagawia wahudumu mikoba ya buluu, mizuri, yenye zipu, na ubavuni imeandikwa AFYA YA AKILI kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Aliyefikiria kuandika vile sijui alikulia wapi. Kijijini kwetu mtu haumwi akili. Anaumwa malaria, anaumwa presha, akizidiwa kabisa tunasema amechoka. Mkoba ule ulipoingia mlango wa mtu, ilikuwa sawa na kumtangaza kwenye spika.

Binti wa mwenye mashine ya kusaga alikuwa anapata nafuu nzuri. Anameza vidonge vyake, amerudi kucheka na wenzake, na posa ilikuwa imeshaletwa. Washenga wakafika siku Mama Hodi yuko ndani, wakauona mkoba umetundikwa kwenye kiti barazani. Hawakugombana na mtu. Walimaliza chai yao, wakaaga kwa adabu zote, na hawakurudi tena. Habari ikatembea, na watu wakaanza kumfungia wifi yangu milango. Anapiga hodi, anasikia kabisa watu wakinong'ona ndani, kisha anatokea mtoto na kusema, "Mama amesema hayupo."

Siku moja akaja kwangu, akakaa jikoni hata kandambili hajavua. Hakuwa analia, yeye si mtu wa kulia, lakini mikono ilikuwa imelala mapajani haina kazi, na mikono yake kukosa kazi ni jambo la kutisha. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye ndugu zake walikuwa wamemfunga kamba chumbani, na Mama Hodi alishawabembeleza wakamfungua. Sasa walikuwa hawataki mhudumu aonekane kwao, kijana amekosa sindano yake ya mwezi, na kamba ilikuwa inatafutwa tena.

"Wifi," akaniambia, "wagonjwa ninao, dawa ninazo, miguu ninayo. Mlango ndio sina."

Msumari alikuwepo, anakunywa chai yangu kama desturi yake, maana jiko la kwake lilikuwa halijui moto. Akasema, "Si upitie nyumba zote?"

"Zote?"

"Zote, mstari mzima, toka mashine ya kusaga mpaka zahanati. Geuza huo mkoba nje ndani, halafu ingia kila nyumba, kwa mgonjwa na kwa mzima. Nani atajua wapi ulifuata nini? Anzia kwangu. Kijiji kizima kinajua mimi ni mzima. Mzima mpaka nakera! Wakiona unaingia kwa Msumari watasema, ah, kumbe huyu mama anatembea tu."

Dada yake akacheka na kumwambia kwamba leo ndiyo amejua kile kichwa hakikuwekwa pale kuziba shingo tu.

Ndivyo zilivyozaliwa nyumba za kupitia. Jina ni la Mama Hodi mwenyewe, na tulilijua sisi wa familia peke yetu. Kulikuwa na nyumba za kukaa na nyumba za kupitia. Kwenye nyumba za kukaa anaingia ndani, mlango unarudishwa, anaketi. Anauliza kama alivyofundishwa: unalala? unakula? kuna sauti unazosikia ambazo wengine hawazisikii? umewahi kuona bora usiwepo? Swali hilo la mwisho huliuliza polepole, macho kwa macho, na akishauliza ananyamaza mpaka ajibiwe. Nyumba za kupitia zinaishia mlangoni. Hodi, karibu, habari za hapa, watoto wazima, kikombe cha maji, utani kidogo, haya tutaonana. Aliye barabarani haoni tofauti yoyote.

Na ilifanya kazi, tusiseme uongo. Milango ilifunguka. Yule kijana alirudi kwenye sindano zake, leo anabeba magunia kwenye mashine ya kusaga na ukimpunja atakufuata mpaka kwako. Mama mmoja aliyekuwa hataki hata kumwangalia mwanawe, jirani wa Msumari ukuta kwa ukuta, akaanza kumnyonyesha huku anamwimbia. Muuguzi anayekuja na kliniki kila mwezi akamsifu Mama Hodi mbele ya wenzake, na vijiji vingine vikaiga. Mimi nilijivuna utadhani wazo lilikuwa langu.

Kila mzunguko ulianzia kwa Msumari. Yeye ndiye alikuwa mzima wetu rasmi, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Dada yake akitokea tu, anapaza sauti mtaa usikie: "Jamani njooni mshuhudie, mtaalamu amekuja kuniomba ushauri!" Watu wanacheka, na wakati wanacheka Mama Hodi ameshaingia nyumba ya pili, nani ana habari naye.

Watu wakiniuliza hali ya Msumari ilianza lini, nawaambia sijui, na siwapendi wanaojifanya wanajua. Kila mtu anataka sababu. Hakufiwa, hakuachwa, hakugombana na mtu, wala hakurogwa, kwa wale wanaopenda jibu la haraka. Ugonjwa ulimwingia kama mchwa anavyoingia kwenye ubao, nje vanishi inang'aa. Milango aliyoagizwa na watu ikaanza kuchelewa. Dirisha tulilomwagiza sisi likakaa fremu tupu msimu mzima. Chai yangu akawa anaiacha nusu. Nikamtania kwamba ameanza mapenzi, akanijibu, "Ndiyo, shemeji, na godoro. Haliniachii niamke." Nikacheka sana, lilikuwa jibu zuri. Na hapo ndipo penye ubaya: hakuacha kuchekesha. Sisi tulizoea kumpima kwa utani wake, na utani haukupungua hata siku moja.

Kulikuwa na jambo jipya, lakini hatukulisoma. Siku za mzunguko alikuwa anafagia maranda, anapangusa benchi na kuliweka kivulini, mbali kidogo na barabara. Seremala gani anafagia kabla ya kazi? Dada yake akifika anamwonyesha benchi, naye dada anasema ana nyumba nyingi mbele, anakunywa maji amesimama, anakwenda. Benchi linarudishwa ndani.

Siku yenyewe nilikuwa barazani nachambua maharage, na niliwaona wote wawili. Mama Hodi akapiga hodi. Msumari akatoka, na siku hiyo hakuutangazia mtaa kitu. Barabara ilikuwa kimya, nikamsikia vizuri.

"Dada, leo kaa. Kaa hata kidogo tu."

Wifi yangu, na furaha zake zote, akapandisha mkoba begani. "Nikikaa kwako watasema na wewe unaumwa. Unataka kuniharibia kazi?"

Msumari akacheka. Alicheka vizuri kabisa, kama mtu aliyeshindwa utani na kukubali. Akasema, "Haya, nenda dada. Usiwacheleweshe watu wako."

Mama Hodi naye akacheka, akaingia nyumba ya pili, kwa yule mama mwenye mtoto, na mlango ukarudishwa. Msumari naye akaingia karakana na kurudisha wa kwake. Nikaendelea na maharage yangu.

Mume wangu ndiye aliyemkuta. Asubuhi ile alikuwa amechoka kungoja, akaenda kulichukua dirisha lake hata kama halijapigwa msasa. Akagonga, kimya. Akaita, kimya. Akasukuma mlango kwa bega. Nitakachosema ni kwamba Msumari alikuwa amekunywa kitu kisicho cha kunywa, na kwamba mume wangu alifika mapema, Mungu ashukuriwe kwa dirisha lililochelewa. Akapiga yowe akilitaja jina la mdogo wake, lile la utotoni ambalo hatulitumii tena.

Mama Hodi alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amefika kwenye swali la mwisho. Alishamuuliza yule mama kama amewahi kuona bora asiwepo, amenyamaza anangoja jibu, na katika kunyamaza huko ndiko alikosikia kaka yake akilia.

Mwenye mashine ya kusaga akaleta gari lake kabla hajaombwa. Tulimpeleka hospitali ya wilaya, mimi nimemshika kichwa, dada mtu ameshika miguu, na njia nzima wifi yangu alikuwa anamwita kwa kila jina analolijua. Madaktari walihangaika naye, akapona. Wakatuambia ni sonona, ya muda mrefu, na kwamba ina dawa. Mama Hodi aliitikia kwa kichwa. Neno hilo amewafafanulia watu mlango kwa mlango, leo analisikia kama mgeni.

Alipoweza kuzungumza, sauti imekauka, dada yake akamwinamia. "Kwa nini hukuniambia? Mimi, mdogo wangu? Si ndiyo kazi yangu hii?"

"Ningekuambiaje, dada?" Msumari akasema. "Mimi ndiye mzima wa mtaa."

Hatukuelewa, au tulielewa hatukutaka.

"Ningesema naumwa, wote walio nyuma yangu wangejulikana. Watu wangesema, kumbe kweli, yule mama haingii kwa mtu bure. Yule mama jirani angefunga mlango. Yule kijana wangemrudishia kamba." Akapumzika kidogo. "Nikasema basi, atauliza yeye. Yeye ndiye mwenye maswali. Nikawa nangoja ukae."

Wifi yangu akashika chuma cha kitanda. Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Nilitaka kumzaba kofi Msumari kwa wema wake wa kijinga, nilitaka kuwazaba washenga, nilitaka kumtafuta aliyechapisha ule mkoba. Nilichofanya ni kwenda kutafuta maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Kijijini wakasema mganga hajigangi. Nikawaambia wifi yangu hakuwa anajiganga, alikuwa anawafichia ninyi mnaoona haya kuumwa kama binadamu. Wakaniambia nina mdomo. Ninao.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Ya wifi yangu yalikuja yamekwisha kukomaa. Alipoanza kazi tena, alifuta nyumba za kupitia. Sasa kila nyumba ni ya kukaa. Anaingia, anaketi, anauliza maswali yote, kwa mwalimu, kwa fundi, kwa mwenye duka ambaye tatizo lake kubwa ni unene. Mstari haumaliziki tena, jua linamchwea katikati. Wengine wanalalamika kwamba Mama Hodi ametugeuza wote wagonjwa. Lakini wamepatikana watu wawili, wazima wa kutegemewa, ambao hakuna aliyewadhania, na wako kwenye matibabu. Muuguzi alimwambia aone kwamba jambo baya limezaa jema. Wifi akamjibu, "Naomba usinifariji kwa mdogo wangu."

Msumari naye alipata nafuu. Anakwenda kliniki mchana kweupe, anapanga foleni na wengine, na aliyetaka kumcheka alikuta ameshajicheka mwenyewe. Milango ya watu imekwisha, dirisha letu liko ukutani. Nilidhani tumevuka.

Dada yake anakwenda kwake kila siku. Benchi halirudi ndani bila kukaliwa. Anauliza, anajibiwa. Mwanzoni nilikuwa nawatazama kutoka barazani na moyo unatulia. Kisha siku moja Msumari akaja kunywa chai, akaimaliza yote, na kukaa akizungusha kikombe kitupu.

"Shemeji, nisemee kwa dada," akasema. "Maswali sikatai. Aulize, yananisaidia, kweli kabisa. Ila na kunitukana anitukane. Siku hizi hanirushii hata kijiko."

Nilimpelekea wifi ujumbe ule neno kwa neno. Alikuwa anapanga vidonge vya watu kwenye vibahasha, hakuinua uso.

"Unajua siku ile alicheka," akasema. "Na mimi nikacheka. Nilicheka naye, wifi, nikamwacha amesimama pale. Sasa akichekesha, nasikia kama mtu anayefunga mlango kwa ndani. Nifanyeje? Nikikosea tena?"

Nikamwambia si kila kicheko ni mlango. Akasema anajua. Akasema hata hilo huwaambia watu.

Juzi mvua ilikuwa imenyesha. Ofisi ya wilaya iliwapa wahudumu mabuti ya mpira, na ofisi ikiwa ofisi, ya wifi yangu yalimzidi mguu. Nilikuwa nimekaa kwenye rundo la mbao kwa Msumari, naye anapiga randa kitanda cha mtu, tukamwona anakuja kwenye matope. Mabuti yanatangulia, mwenyewe anayafuata kwa shida. Msumari akaacha randa. Akayatazama yale mabuti mpaka yakafika mbele yake.

"Dada, viatu vimefika," akasema. "Wewe unakuja lini?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ulikuwa utani wake wa siku zote, wenye afya, usio na ufa popote, na nilikuwa sijausikia muda mrefu. Na yeye alikuwa anacheka, kichwa kile kikubwa kimerudi nyuma, macho kwa dada yake, anangoja kurushiwa kitu. Nikageuka ili tucheke wote watatu.

Mama Hodi hakuwa anacheka. Alikuwa anamchunguza uso, polepole, macho kwa macho. Akajivuta karibu yake, mabuti yakiburuzika, na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Usiku ulilala?"

Kicheko cha Msumari kikamwishia mdomoni. "Nililala, dada."

"Na kula?"

"Nilikula."

Msumari akapangusa vumbi mikononi, akaketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akawa anangoja maswali yaliyobaki.